Albertville–Usumbura kwa ndege, miaka ya hamsini: bibi harusi niliyeshuka bila kupokelewa

Wakuu, amani iwe kwenu, wa bara na wa ziwani.

Juzi humu kijana mmoja aliuliza: kutoka Kalemie mpaka Bujumbura kwa ndege ni kilomita ngapi, na ni muda gani? Wakajitokeza watu kumjibu, kila mmoja na namba yake. Mmoja akaleta ramani ya simu. Mwingine akamwambia panda boti uache maswali.

Nilicheka peke yangu hapa barazani.

Hiyo njia mimi nimeipita kwa ndege. Si juzi, wala si enzi ya Zaire. Ni miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wapo, Kalemie inaitwa Albertville na Bujumbura inaitwa Usumbura. Ninayoandika yamenipata mwenyewe, na kwa umri huu sina wa kumtungia hadithi. Asiyeamini apite salama, njia ni pana.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: angani ni karibu kilomita mia tatu, na ndege ya wakati ule, ya pangaboi mbili, ilitumia saa moja na kidogo.

Jibu refu ni hili hapa. Chukueni chai.

Nilizaliwa Albertville. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mtu wa dini na wa maneno machache. Mama yangu alifariki nikiwa bado msichana mdogo.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Uvira, tumwite Mama Zubeda. Mjane, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa mchuuzi wa kanga na vitenge, na kila meli ilipomleta Albertville alifikia kwetu, maana yeye na mama yangu waliitana dada.

Mama alipofariki, Mama Zubeda alikuja, akakaa kwetu muda mrefu hata biashara yake ikalala. Alinifundisha kupika mukeke kwa mawese bila kumvunjavunja samaki. Alinisuka nywele. Na usiku nilipolia hakuniambia nyamaza, alinisogezea mkono tu nikaushika.

Siku ya kuondoka alimwambia baba mbele yangu: "Huyu mutoto iko wangu. Siku yake ikifika, minye mwenyewe nitamupokea kwa mukono yangu."

Miaka ikapita. Posa ikaja, kwa ajili ya mwanawe Hamisi, fundi cherehani. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu na sikuona kasoro. Lakini niseme ukweli wakuu, mimi niliolewa na mama kwanza, mtoto alikuja kama nyongeza. Mume wangu mwenyewe alikuwa anajua na tulikuwa tunataniana nalo mpaka uzeeni.

Ndoa ilifungwa kwetu Albertville. Hamisi hakuja, aliwakilishwa na baba yake mdogo, Mzee Rajabu, kisha Mzee Rajabu akarudi Uvira kwa meli kuandaa mapokezi. Mimi ningefuata baadaye, taratibu, kama bibi harusi yeyote wa ziwani.

Kabla ya hapo ikaja telegramu. Mama Zubeda ameanguka, hali ni mbaya, anamwita bibi harusi.

Meli ilikuwa imeondoka jana yake. Nyingine mpaka wiki ijayo, halafu yenyewe inalala njiani usiku mbili, pengine tatu, ikisimama sana Baraka na kwingineko.

Baba aliisoma ile karatasi, akaikunja. Halafu akavaa kofia, akatoka. Aliporudi alikuwa na tiketi mbili za ndege ya Usumbura, jirani na Uvira, moja yangu na moja ya shangazi. Kulikuwa na karani wa ofisi ya ndege aliyekuwa mteja wake wa mawese, ndiye aliyempigania. Akapiga na telegramu Uvira kuwaarifu.

Hapa inabidi nisimame niwaeleze desturi, la sivyo hamtaelewa kitu.

Kwetu sisi, familia za zamani za huku ziwani, bibi harusi anayetoka mji mwingine hashuki chomboni mpaka apokelewe. Meli ikikaribia inapiga honi. Mji mzima unasikia. Wanawake wa upande wa mume wanaoga, wanavaa, wanabeba ngoma, wanakuja gatini. Wanapanda ndani wakiimba, wanamfunika bibi harusi kanga mpya, na mama mkwe anamshika mkono wanashuka pamoja.

Muda wote huo bibi harusi hasemi neno. Uso umefunikwa, mdomo umefungwa.

Na akishuka kwa miguu yake mwenyewe bila kushikwa mkono? Basi wanasema amejileta. Hilo neno lisikieni hivihivi, lakini lilikuwa na meno. Nilimjua mama mmoja mtaani kwetu, ana wajukuu, na wakigombana kisimani bado anaambiwa, "Nyamaza, weye ulijileta."

Haya, turudi safarini.

Shangazi Tabu, dada yake baba, ndiye aliyenisindikiza. Mwanamke mnene, mwenye huruma, mbishi kama punda wa mkaa. Aliambiwa ndege ni saa moja. Akasema sawa. Halafu akafunga chakula cha usiku mbili: maandazi, mayai ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, wali kwenye sufuria, na godoro. Godoro wakuu! La kulalia ndani ya ndege.

Baba akamwambia, "Tabu, ni saa moja."

Shangazi akamjibu, "Safari haipimwe na mudomo ya karani."

Uwanjani tulipimwa. Nyie mnaopiga selfie dirishani hamlijui hili. Ndege zile zilikuwa ndogo, kwa hiyo walipima mizigo na walimpima abiria pia, mmoja mmoja, juu ya mizani kubwa kama ya magunia.

Shangazi akanisimamia mbele. "Hapana! Bibi arusi haiko gunia ya muhogo!"

Wazungu wanatazama saa zao, karani anatokwa jasho, baba anatazama chini. Mwisho shangazi alipanda yeye kwenye mizani akiwa amenishika, tukapimwa pamoja, karani akaandika alichoandika. Godoro lilibaki. Kikapu cha chakula hakikubaki.

Watu weusi ndani tulikuwa wawili tu, na viti vyetu vilikuwa vya nyuma kabisa. Siku zile hilo hukuuliza.

Tukapewa pamba za masikio na peremende. Injini ziliponguruma nilifumba macho nikamshika shangazi, na yeye alikuwa ameshanishika zamani. Nilisoma kimoyomoyo kila sura niliyoijua, nikarudia.

Nilipofumbua na kuchungulia kwenye upenyo wa kanga, ziwa lote liko chini. Kushoto milima ya kwetu, kulia milima ya Urundi. Niliogopa, lakini niliona pia raha, msinifiche nanyi mngeona. Rasi ya Ubwari, ambayo meli inaizunguka mpaka unachoka kuitazama, niliiona yote kwa mara moja. Nikamgusa shangazi aitazame. Alipogeuza shingo tulikuwa tumeshaipita.

Ndipo akafungua kikapu, kwa kuwa sasa safari imeanza. Akamenya yai. Akala nusu. Ndege ikaanza kushuka.

"Imeharibika," akasema.

Haikuharibika wakuu. Tulikuwa tumefika.

Uwanja wa Usumbura uko kwenye tambarare ya Ruzizi, upande wa Urundi. Uvira iko ng'ambo, chini ya milima. Kupitia dirishani nilikuwa naiona ile milima, na nilijua chini yake kuna nyumba yenye mgonjwa ananisubiri.

Abiria wa Usumbura wakashuka. Nami nikajiweka sawa.

Shangazi akachungulia nje. Nyasi, jengo moja jeupe, gari la mafuta. Hakuna kanga, hakuna ngoma, hakuna mtu. Akanishika goti.

"Usishuke. Bakwe bako hawajafika."

Tukakaa.

Yule mfanyakazi mzungu wa ndani ya ndege akaja kutuonyesha mlango kwa adabu. Shangazi akamtikisia kichwa kwa adabu vilevile. Akaja mara ya pili bila adabu. Hatimaye wakamleta mpakua mizigo, mtu wa makamo mwenye kaptula ya kaki, anayejua Kiswahili.

"Mama, juu ya nini hamushuke?"

"Tuko tunangojea kupokelewa. Huyu iko bibi arusi. Ambia pilote apige honi, watu ya Uvira wasikie wakuje."

Yule bwana akatazama mbele, akatutazama sisi. Namsifu mpaka leo kwamba hakucheka.

"Mama, avion haiko na honi."

"Chombo gani hiyo haiko na honi? Sasa watu wanajua namna gani kama imefika?"

"Mama, avion hii iko inaenda Bukavu sasa hivi. Kama hamushuke, mutashukia Bukavu."

Mnaona ilipofikia? Upande mmoja desturi, upande mwingine Bukavu, yaani milimani huko juu, halafu kurudi kwa barabara kupitia Kamanyola na tambarare yote. Kesho au keshokutwa.

Shangazi akafikiri. Naapa, alifikiri kwa kweli. Akasema: "Bora Bukavu. Tutatuma habari Uvira wajitayarishe, turudi tupokelewe vizuri. Haraka haraka haina baraka."

Msimcheke sana. Hakuwa mjinga. Alikuwa analinda jina langu, maana sina mama wa kunilindia, na yeye ndiye angeulizwa. Kama ningeingia Uvira nimejileta, lawama ingekuwa yake mpaka kaburini.

Abiria wa Bukavu wakaanza kupanda. Mmoja alitukuta kwenye kiti chake, akaanza kufoka kwa Kifaransa. Rubani mwenyewe akatoka mbele kuja kuona.

Mimi chini ya kanga nimenyamaza. Nawaza: nikishuka, nitaitwa aliyejileta, mimi na watoto wangu. Nikibaki, huenda nisimwone tena yule mwanamke. Alinipa mkono wake nilipokuwa sina mama, na sasa anaomba wangu.

Liwalo na liwe.

Nikasimama. Nikafunua uso. Neno langu la kwanza tangu kutoka nyumbani kwa baba lilikuwa: "Shangazi, minye nashuka."

"Watasema umejileta."

"Waseme."

Nikatembea mpaka mlangoni, nikashuka ngazi peke yangu. Jua lilikuwa kali. Nyuma nilisikia kikapu kinagongagonga viti, shangazi anakuja, analia kwa sauti kama tuko msibani.

Yule bwana wa mizigo alitutafutia lori. Dereva alikuwa Mfuliiru wa Sange, ameleta mchele Usumbura na anarudi na magunia matupu. Njia yake ilikuwa apinde Kavimvira, kabla ya kufika mjini, aelekee kwao, lakini aliposikia habari akasema atatufikisha Uvira kwanza. Malipo alikataa. Alichukua maandazi.

Tukavuka daraja la Ruzizi. Barabara ilikuwa mbaya, vumbi na pumba za mchele vinanirukia machoni. Nawaambia ukweli, kutoka uwanjani mpaka mlango wa wakwe zangu kulitumia muda karibu sawa na kutoka Albertville mpaka uwanjani. Yule kijana aliyeuliza muda wa safari aongeze na hiyo.

Tukafika.

Uani kwa Mama Zubeda nilikuta wanawake wanafua. Kamba zimejaa kanga. Mmoja mikono yake ina povu mpaka kwenye viwiko. Walitutazama kama wanavyomtazama muuza mkaa, mpaka mmoja akamtambua shangazi, akapiga ukelele.

Telegramu ya baba walikuwa wameipata asubuhi ileile: wanakuja leo kwa ndege. Mzee Rajabu aliisoma na kuielewa neno kwa neno. Ila akili yake ilikataa. Aliwaambia watu: tangu ziwa liwe ziwa, hakuna mtu aliyetoka Albertville akafika siku hiyohiyo. Kama wametoka leo, watalala mahali. Fueni leo, tukapokee kesho Usumbura na ngoma.

Basi na yeye akatoka, akaniona nimesimama na pumba kichwani. Masikini, uso wake ulianguka. Alikuwa amenunua mbuzi, amekodi ngoma, ameomba gari. Alitaka kunipokea vizuri kuliko bibi harusi yeyote.

"Mumuingize kwa jirani," akawaambia wanawake. "Hakuna muntu amemuona. Alale huko, kesho tutamupokea na heshima yote."

Wanawake wakaja kunishika. Shangazi Tabu uso ukamng'aa, akasema, "Hiyo njo maneno."

Nami, wakuu, ningekwenda. Nilikuwa nimechoka kubishana. Nilishageuka.

Ndipo sauti ikatoka chumbani. Ile sauti kubwa, sasa imebaki uzi.

"Nani iko nje?"

Mzee Rajabu akaweka kidole mdomoni kunionya nisijibu.

"Ni minye, mama. Nimefika."

Sauti ikarudi: "Munisimamishe."

Hamisi alitoka akimshika bega moja, dada yake amemshika la pili. Hamisi hakutakiwa kuniona kabla ya usiku, aligeuza uso ukutani na hakuuachia mwili wa mama yake. Mama Zubeda alikuwa amekwisha. Nguo zilimning'inia. Walimfikisha kizingitini, wakasimama hapo wanahema.

Mzee Rajabu akasema, si kwa ubaya, kwa aibu ya mwenye nyumba: "Shemeji, mutoto amejileta. Watu wataongea. Tungoje kesho."

Mama Zubeda akamtazama.

"Hajajileta. Minye njo nilimuita. Muntu mwenye kuitwa hajiletake."

Akanyoosha mkono.

Niliushika. Ulikuwa wa moto kwa homa. Nikavuka kizingiti. Yule mama mwenye povu mikononi akajaribu kigelegele, kikamkatikia katikati, wengine wakakipokea. Hakukuwa na ngoma.

Jioni yote nilikaa pembeni ya kitanda chake. Aliniuliza kama ndani ya ndege nililia. Nikamwambia nilisoma kila sura ninayoijua. Akanieleza mahali anapoweka funguo, na chakula gani Hamisi hali. Maneno ya kawaida ya mama mkwe.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, akafariki. Saa ambayo Mzee Rajabu alikuwa amepanga watu watoke kwenda kunipokea.

Zile kanga zilizofuliwa kwa ajili yangu ndizo wanawake walizovaa msibani.

Shangazi Tabu ndiye aliyeomba amwoshe maiti, akaruhusiwa. Alipotoka, alikuja kukaa karibu yangu mkekani. Akaanza kusema, "Kama tungeenda ile Bukavu..." hakumaliza. Akaniegemeza kichwa begani kwake, nikalia mpaka nikalala.

Wakuu, mimi si mhubiri. Nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye haja na wewe akikuita, nenda kwa chochote kinachokwenda, na ukifika shuka. Ngoma zitakukuta mbele, na zisipokukuta si neno.

Na Uvira nzima, miaka yote niliyoishi pale, hakuna aliyewahi kuniambia nimejileta. Nilibishana na wanawake wengi pale sokoni, mdomo ninao, msione naandika kwa upole. Kila tusi nilitukanwa, hilo hapana. Mama Zubeda alikuwa ameshalijibu mbele ya watu.

Haya, ukumbi ni wenu. Mwenye swali aulize, anayejua ndege za njia hiyo siku hizi amjibu yule kijana. Na kama yupo mwingine humu aliyewahi kufika mahali bila kupokelewa, aandike, nataka kujua nani alimfungulia mlango.